Maumivu Niliyoyaita Msuli

Kwako Tusekile, mwanangu,

Kesho ukiitazama tiketi yako vizuri utaona imeandikwa Ruaha Mbuyuni, si Iringa. Aliyeiandika hakukosea, na mimi bado sijaanza kuchanganyikiwa. Basi litapita Iringa kwanza. Ukitaka kushuka hapo ukaenda zako chuoni, shuka, hakuna atakayekuuliza. Lakini chuo kinafungua Jumatatu na wewe unasafiri Ijumaa, na hizo siku mbili za katikati nimekuwekea kwa makusudi. Soma mpaka mwisho ndipo uamue.

Ninaandika jioni hii wewe ukiwa umekwenda kuwaaga wanakwaya wenzako. Habari za sweta, blanketi na kutoacha simu ovyo umeshaambiwa na majirani wote wa hapa Uyole, hata wale wasio na sweta. Sina la kuongeza hapo. Mimi nina jambo moja tu, na nimelikalia miaka saba kama mtu aliyekalia siafu huku akiwaambia wageni kiti ni kizuri.

Unakwenda kusomea utabibu. Siku ulipopata habari kwamba umechaguliwa uliniambia, "Baba, nataka nijue mama alikufa na nini." Nikajibu, "Vizuri, mwanangu," nikatoka nje kuangalia kuku ambao hawakuwa na shida yoyote. Tangu siku ile nimekuwa nikifikiri. Siku moja, labda muhula huu huu, mwalimu atasimama mbele yenu awafundishe maumivu ya kifua: lini ni msuli umevutika, lini ni asidi ya tumbo inapanda juu, na dawa gani ukimpa mtu mwenye asidi unamchimbia kaburi. Wewe una akili kuliko mimi. Utaweka kalamu chini. Utazikumbuka zile bahasha ndogo za dawa zilizokuwa zikikaa dirishani chumbani kwetu, na utajua. Sitaki ulisikie kwa mwalimu, mbele ya watu usiowajua. Mama yako hakulishwa kitu na mama yako mdogo Tumpe. Mimi ndiye niliyemlisha.

Unajua nilikuwa kuli wa viazi hapa sokoni kabla mgongo haujanikataa. Lumbesa, lile gunia linaloongezewa viazi juu na kushonewa kilemba mpaka linakuwa gunia na nusu, nimelibeba miaka mingi kutoka chini hadi juu ya lori. Sisi makuli tulikuwa na udaktari wetu. Mtu akishika kifua, mwenzake anambonyeza kwa kidole. Akisema panauma, basi ni msuli. Anachuliwa kwa dawa ya kuchua, anameza vidonge viwili vya diklofenaki kwa soda, anarudi kwenye gari. Na kwa kuli mara nyingi huwa ni msuli kweli. Hapo ndipo tulipoponzwa, maana ukipatia mara nyingi unaacha kuuliza.

Mama yako alianza kulalamika msimu ule aliokuwa akichambua viazi pale sokoni. "Baba Tuse," aliniambia, "kifua kinawaka." Nikamlaza chali kitandani nimpime kama tulivyopimana sisi. Nikabonyeza. "Panauma?" Akasema panauma. "Basi msuli huo. Umeinua ndoo vibaya." Nilijisikia bingwa. Lakini nilimbonyeza kwa kidole cha kuli, mwanangu, kidole kilichozoea kufungua mafundo ya kamba za katani. Kidole kile ukikibonyeza ukutani, ukuta nao utasema panauma.

Dalili zote zilikuwa zimekaa mbele yangu na mimi nilikuwa nazipita. Kifua chake hakikuuma siku za kazi, kiliuma siku za kula. Jumapili, ambapo hakunyanyua hata sufuria nzito kwa kuwa wewe ulikuwa umeshaanza kumsaidia, ndiyo ilikuwa siku yake mbaya kuliko zote. Akiinama kuokota viazi alikuwa anatema mate pembeni, anasema maji machungu yamempanda mpaka kooni. Akilala chali panawaka, akikaa panapoa. Akajizoesha kulala ameegemea ukuta kwa mito miwili, na mmoja ulikuwa wangu, nami nikanung'unika kuhusu mto. Asubuhi sauti ilikuwa imekwaruza, ukadhani ni baridi ya Uyole. Siku moja aliniambia, "Nikinywa maziwa panatulia kidogo." Nilisikia kwa masikio haya. Ni msuli gani duniani unaotulizwa na maziwa? Nilimjibu kwamba maziwa yana nguvu, ndiyo maana.

Nikamnunulia diklofenaki. Zikasaidia siku mbili, au alisema zimesaidia ili niache kumbonyeza. Kisha panawaka zaidi, nami namwongezea. Alikuwa anazimeza alfajiri kabla ya kwenda sokoni, kwa maji matupu, kwa sababu nilimwambia dawa hufanya kazi vizuri tumbo likiwa halina kitu cha kuizuia. Hiyo nilijitungia mwenyewe. Binti mmoja wa duka la dawa alinikataza. Alisema, "Baba, hizi siyo za kumeza kila siku, na asimeze na njaa. Mwambie aje nimwone." Ulikuwa ushauri wa bure na wa kweli. Nilichofanya ni kuhama duka. Nikawa nanunua leo hapa na kesho kule, ili kusiwe na mtu wa kuniuliza tena.

Watu husema mficha maradhi kifo humuumbua. Mama yako hakuficha maradhi. Aliyasema kila siku. Mimi ndiye niliyemfichia.

Na kulikuwa na mtu mmoja aliyeona. Mama yako mdogo Tumpe alinifuata sokoni, akaniita kando ya gari, akasema kwa sauti ya chini kwa sababu ilikuwa habari ya aibu kumwambia shemeji: "Shemeji, dada anapata choo cheusi kama lami. Na amekuwa mweupe viganjani. Mpeleke hospitali leo, usingoje kesho." Nilikuwa na gunia linaningoja, na wenzangu walikuwa wanatazama. Nikamjibu, "Wewe kazi yako ni kutafuta magonjwa kwenye nyumba za watu." Wenzangu wakacheka. Tumpe hakucheka, aliondoka.

Wiki iliyofuata ndipo ilipokuja ile sikukuu ya kipaimara nyumbani kwake. Wewe ulikuwa na miaka kumi na mitatu, unaikumbuka. Unakumbuka pia kwamba dada hao wawili walikuwa wamekwaruzana kuhusu migomba ya wazazi wao kule Tukuyu, na wajomba zako wote walilijua hilo. Tumpe alipika ndizi na maharage, na mama yako alikwenda kwa sababu alitaka ugomvi uishe. Alikula sahani moja. Hajamaliza kunawa mikono akatoka nje, akainama kwenye ua, akatapika vitu vyeusi kama machicha ya kahawa, halafu damu yenyewe. Na kabla hata hatujapata bodaboda wala gari, tayari kuna mtu alikuwa ameshasema nyuma yangu, "Amelishwa."

Hospitali daktari aliniuliza, "Mama amekuwa akitumia dawa gani?" Nilisema hakuna. Sikusema kwa ubaya. Nilisema kama mtoto aliyevunja chungu, kabla hata sijafikiri. Akaniuliza mara ya pili nikasema hakuna. Asubuhi yake mama yako alikuwa amefariki, na ndipo nilipoitoa bahasha mfukoni nikamwonyesha, wakati haina faida kwa mtu yeyote. Daktari yule alikuwa msichana, pengine hakuwa amekuzidi sana umri ulionao leo. Aliitazama bahasha, akanitazama. Akasema, "Tumbo lilikuwa linaungua kwa asidi, baba. Kiungulia chenyewe kinatibika. Hizi zimechubua palipokuwa panaungua mpaka pakatoboka, akawa anavuja damu ndani taratibu." Kisha akaongeza, "Ungeniambia jana usiku." Hakusema kwamba angepona. Neno hilo moja limenifikirisha miaka saba.

Ningeweza kuishia hapo nikawa mjinga tu, na wajinga tuko wengi, Mungu anatuvumilia. Lakini mimi niliendelea.

Kwenye msiba mjomba wako mkubwa aliniuliza mbele ya wazee: "Shemeji, daktari alisema nini?" Nikajibu, "Hakusema kitu cha kueleweka." Basi wakaelewa walichotaka. Tumpe alikuwa amekaa chini na wanawake. Akainuka, akaja mpaka miguuni pangu, akapiga magoti. "Shemeji, sema," aliniambia. "Si nilikwambia habari ya choo cheusi? Sema mbele yao." Nilitazama viatu vyangu. Vilikuwa na udongo upande mmoja, wa kule nilikotoka kuonyesha mahali pa kaburi, naukumbuka mpaka leo ulivyokaa. Kaka zake wakamnyanyua kwa mikono wakamtoa nje ya ua. Tulipokwenda kuzika hakuruhusiwa kutupa udongo kwenye kaburi la dada yake wa tumbo moja. Alisimama ng'ambo ya barabara kuu, malori yakipita kati yake na sisi.

Unalijua la baadaye, kwa sababu na wewe ulikuwamo. Alihama, akaenda Ruaha Mbuyuni kulima vitunguu. Mwaka uliofuata alikuja shuleni kwenu na mfuko wa vitunguu na kitenge. Wewe uliubeba mfuko mpaka nyumbani, ukaumwaga kwenye shimo la taka mbele yangu, ukasema, "Siwezi kula cha mtu aliyemuua mama." Ulikuwa umesimama wima kama askari, ukingoja nikusifu. Nami nikakusifu. Nilikuwekea mkono kichwani. Katika yote niliyoyafanya, mkono ule ndio unaonichoma zaidi. Kifo cha mama yako nilikileta kwa ujinga, lakini chuki yako niliinywesha maji nikijua ni mche gani.

Sasa nikuambie nilichojifunza, kichache, kwa bei ambayo hakuna chuo kinachoitoza. Mwaka jana, baada ya kulima lile shamba la nyuma, kifua kilinishika upande wa kushoto. Nikaogopa. Nikadhani sasa zamu yangu imefika, na kusema kweli nikaona ni haki. Nikaenda zahanati. Mtabibu wa pale aliniuliza maswali kabla hajanigusa. Yameanza lini, ulikuwa unafanya nini siku moja kabla, yanakuja ukila au ukijigeuza, ukilala yanakuwaje, mdomoni kuna uchachu? Ndipo akanibonyeza kwa vidole viwili, taratibu, kama mtu anayejaribu parachichi kama limeiva. Akapita mbavu moja moja mpaka akafika pale. Nikaruka. "Inua mkono," akasema. Panauma. "Vuta pumzi ndefu." Panauma palepale. "Na ukikaa kimya?" Pametulia. Akasema, "Huu ni msuli, mzee. Jembe hilo. Pumzika." Nikaanza kulia pale kwenye benchi. Alidhani nalia kwa furaha, akanipigapiga bega.

Nililia kwa sababu ilikuwa rahisi hivyo. Msuli una mahali pake, unaweza kuuonyesha kwa ncha ya kidole, na unakumbuka kazi uliyoufanyisha jana. Asidi haina mahali. Inapita katikati ya kifua kutoka chini kwenda juu, inakumbuka chakula, inachukia kuinama na kulala. Mtoto wa shule angeweza kuyatofautisha, mradi tu ameuliza na akangoja jibu. Mama yako alinijibu miezi kadhaa na mimi sikuwa nimeuliza. Tena yule mtabibu aliniambia kuna la tatu, na hili usilichezee hata kwa dakika: mtu akisema kifua kimembana kama kawekewa gunia juu, jasho linamtoka, pumzi hazitoshi, maumivu yanashuka mkononi au yanapanda tayani, hapo usibonyeze wala usichue, mkimbize hospitali. Na hata kidole kikikuambia ni msuli, usikiamini peke yake. Kidole changu kilisema kweli mara mia, kikasema uongo mara moja.

Haya utafundishwa vizuri kuliko ninavyoyaandika. Lakini hakuna mwalimu atakayekuambia kwamba mgonjwa ataletwa kwako na mtu anayemwogopa au anayempenda, na mtu huyo atasema "hakuna dawa aliyotumia" huku bahasha iko mfukoni mwake. Usimkaripie. Muulize mara ya tatu. Mimi niliulizwa mara mbili, na naapa ya tatu ningesema.

Jana mchana nilimpigia Tumpe. Namba niliipata kwa dereva mmoja anayechukua vitunguu kule. Nikamweleza yote kama nilivyokueleza hapa, pamoja na bahasha. Hakunikatiza. Nilipomaliza nikasikia magari yanapita huko kwake. Nikasema, "Tumpe, nisamehe."

"Huo msamaha utanifaa nini, shemeji?" akaniuliza. Sauti yake imezeeka. "Unajua neno lile lilinifuata mpaka huku? Hao wachuuzi wa kwenu wanaokuja kununua vitunguu ndio walilileta. Miaka saba nimeishi na watu hawa. Wananisalimia, wananikopesha jembe. Lakini msiba ukitokea, mimi napewa kazi ya kuchota maji. Sigusi sufuria. Wanangu wakipata sherehe, naajiri mtu apike. Hakuna mtu amekula mkononi mwangu."

Nikarudia kusema nisamehe.

"Hilo liache," akasema. "Nenda kawaambie kaka zangu. Na mtoto wa dada aje ale kwangu. Siyo ndani. Nje, watu wakiona. Wewe usije."

Nikamwambia nitakuomba wewe, mwanangu, na kwamba siwezi kukulazimisha, kwa sababu nguvu ya kukulazimisha jambo lolote niliipoteza siku ile ya mfuko wa vitunguu. Hiyo ndiyo habari ya tiketi. Jumamosi mimi nitakuwa Tukuyu. Nimewaomba wajomba zako wakutane, wanadhani ni habari ya mchango wa chuo chako. Nitawaambia nikiwa nimesimama, nikiwatazama wao na siyo viatu vyangu. Sijui nitarudi na meno mangapi, na yatakayobaki nitashukuru.

Wewe sikuombi unisamehe. Ukitaka kunichukia nichukie, una haki, na safari hii utakuwa umemchukia mtu anayestahili. Ukiona ni mzito mno kwako, shuka Iringa, nenda kasome, uje uwe mtabibu anayeuliza kwanza. Nitakulipia kwa furaha hata kama hutapokea simu yangu.

Lakini ukiendelea mbele mpaka joto likufanye uvue sweta, utaona vitunguu vimepangwa kando ya barabara na mwanamke mfupi amejifunga kitenge cha mama yako, kile cha kijani ambacho mama yako alimpa kabla ya yote haya. Utamjua kwa paji la uso, ni lako. Mamkie kwa magoti. Ameniambia atapika ndizi na maharage kama siku ile, na sahani ataitoa nje, kwenye benchi mbele ya nyumba, pale wachuuzi wanapopitia. Usile kwa adabu za mgeni. Maliza yote, kisha umwombe akuongeze, kwa sauti, wasikie.

Mimi baba yako.